Kufunga keria ya baiskeli nyuma ya gari lenye tairi la akiba mlangoni

Magari mengi tunayoyategemea huku Arusha kwa barabara za vumbi na mawe yamebeba tairi la akiba mgongoni, juu ya mlango wa nyuma: Prado za toleo la 120 na la 150, RAV4 za zamani, Escudo, Pajero, Jimny. Mpangilio huo una faida yake, kwani dereva hulifikia tairi bila kulala chini ya gari kwenye tope. Tatizo huanza pale mwenye gari anapotaka kubeba baiskeli. Keria nyingi zinazochomekwa kwenye chuma cha kukokotea trela zimetengenezwa kwa ajili ya gari lenye mgongo bapa, na ukiichomeka moja nyuma ya Prado, mlingoti wake hugota kwenye mpira wa tairi kabla matundu ya pini hayajakutana. Kazi hii nimeifanya kwenye Prado yangu ya toleo la 120, na nimeshirikiana na wenzangu wa baiskeli kuifanya kwenye magari yao, na kila mara imerudi kwenye jambo moja, nalo ni umbali. Kila sentimita unayoisogeza keria nyuma ili ilikwepe tairi unailipia kwa uzito ambao chuma kingeweza kubeba. Kwa sababu hiyo tunachotafuta ni umbali mdogo kabisa unaotosha, na umbali huo haupatikani kwa kukadiria kwa macho dukani.

Kipimo cha kwanza hakihitaji zaidi ya ubao ulionyooka na futi ya utepe. Ubao husimamishwa wima ukiwa umeegemea uso wa tairi la akiba, ncha yake ya chini ikifika usawa wa tundu la mraba ambamo shina la keria huingia. Kisha unapima kutoka katikati ya tundu la pini hadi kwenye ubao. Kwenye gari langu umbali huo ni sentimita 36. Baada ya hapo unapima keria yenyewe, kutoka tundu la pini lililo kwenye shina hadi sehemu yake ya wima iliyo karibu zaidi na gari, ambayo kwa kawaida ni mlingoti. Keria yangu ina sentimita 29. Ukiongeza nafasi ya sentimita 5 kwa ajili ya mtikisiko, maana keria hucheza mbele na nyuma gari linapopita kwenye makorongo, unaona kwamba pungufu ni sentimita 12. Namba hiyo ndiyo unayokwenda nayo kwa fundi au dukani. Kama tairi limevikwa kasha la plastiki, pima likiwa limevaa, au amua mapema kwamba utalivua, kwa sababu kasha hula nafasi ambayo hapa ina thamani.

Kipimo cha pili husahaulika mara nyingi, nacho ni cha baiskeli. Mtu anaweza kuhakikisha kwamba keria tupu hailigusi tairi, akafurahi, kisha akapandisha baiskeli na kukuta usukani unakaribia kupasua kioo. Usukani wa baiskeli ya milimani una upana wa sentimita 74 hadi 80, maana yake karibu sentimita 40 huchomoza kuelekea kwenye gari kutoka mstari wa katikati wa baiskeli. Ukisema usogeze keria nyuma mpaka usukani wote uwe huru, utakuwa umejitafutia wenzo mrefu bila sababu. Ipo njia nyingine. Tairi la kipimo cha 265/65R17, ambalo Prado nyingi hutembelea, lina kipenyo cha sentimita 78 hivi, kwa hiyo kutoka katikati yake kwenda kila upande ni sentimita 39. Usukani hauko katikati ya baiskeli. Uko upande wa gurudumu la mbele, karibu nusu mita kutoka katikati ya keria. Kwa hiyo baiskeli ya kwanza ikipangwa vizuri, ncha ya usukani hupita pembeni mwa tairi na kukaa kwenye uwazi ulio kati ya tairi na ukingo wa gari. Kwenye magari kadhaa tairi halikufungwa katikati kabisa ya mlango, basi upande wenye uwazi mkubwa ndio unaofaa kuelekezewa usukani, na kama keria yako inaruhusu kusogeza mifereji ya magurudumu kushoto au kulia, sentimita chache za pembeni huokoa sentimita nyingi za nyuma. Kati ya ncha ya usukani na kioo mimi huacha nafasi ya kupitisha kiganja kilichosimama wima, na sikubali pungufu ya hapo.

Pedali nayo ina neno lake. Ile iliyo upande wa gari huchomoza kiasi cha sentimita 20 na, baiskeli ikiwa juu ya keria, hukaa kwenye kimo kilekile cha tairi la akiba. Unazungusha pedali kinyumenyume mpaka ile ya upande wa gari iwe chini, kisha unafunga mkono wake kwenye fremu kwa mkanda ili usizunguke njiani. Niliona Escudo moja iliyokuwa imetoka Monduli, tairi lake la akiba limechimbwa kovu la mviringo na pedali ya chuma yenye meno, kina chake kinatosha kuingiza ncha ya kidole, upande wa tairi ambako hakuna nyaya za chuma za kulilinda. Tairi lililotobolewa ubavuni halizibiki kwa usalama, na mwenye gari angeligundua jambo hilo siku ambayo angelihitaji.

Hapo ndipo uchaguzi wa aina ya keria unapoingia. Ziko za kuning'iniza, ambazo zina mlingoti mrefu na mikono miwili juu yake ambayo fremu ya baiskeli hulalia, na ziko za kusimamisha, ambamo magurudumu ya baiskeli hukaa kwenye mifereji na kushikwa na mkono unaobana tairi la mbele au fremu. Ya kuning'iniza ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini mlingoti wake hupanda wima mbele ya tairi la akiba, na baiskeli huning'inia zikiyumba kuelekea kwenye gari. Kwa magari yetu mimi naipendelea ya kusimamisha, hasa ile isiyo na mlingoti wa katikati kabisa, kwa sababu mwili wake wote hupita chini ya tairi na hakuna kinachoshindania nafasi isipokuwa baiskeli zenyewe. Ila kuna mtego mmoja. Keria hizi hukunjwa na kusimama wima zikiwa tupu, na zikikunjwa sehemu ya kati huja mbele na kugonga tairi. Omba muuzaji akukunjie mbele yako, upime tena kutoka tundu la pini hadi sehemu iliyo mbele kabisa ikiwa imekunjwa. Keria isiyokunjika kwa sababu ya tairi italazimika kuvuliwa kila jioni au kuachwa imetandazwa nyuma ya gari, ambako watu watajigonga miundi kwenye maegesho.

Sasa tuzungumzie uzito, maana hapa ndipo ninapoona watu wakifanya haraka. Chukua keria ya kilo 20 na baiskeli mbili za kilo 14 kila moja. Jumla ni kilo 48. Kitovu cha uzito kikiwa sentimita 60 nyuma ya mdomo wa tundu la mraba, nguvu ya kupinda inayokutana na mdomo huo ni karibu nyutoni mita 282. Ongeza zile sentimita 12 za Prado yangu, inafika 339, yaani moja ya tano zaidi. Lakini ukinunua kirefusho, yaani kipande cha shina kinachochomekwa kati ya tundu na keria ili kuisogeza nyuma, ukachukua cha kwanza unachokikuta, cha sentimita 30, inakuwa karibu 424, nusu nzima juu ya ile ya mwanzo, ilhali hujaongeza hata gramu moja ya mzigo. Na hesabu hii ni ya gari lililosimama. Gari likishuka ghafla kutoka kwenye tuta, uzito huohuo hupiga chini kwa nguvu iliyozidi mara kadhaa. Watengenezaji wengi wa virefusho huandika wazi kwamba ukikitumia, uwezo wa kubeba unaotajwa kwenye chuma na kwenye keria upunguzwe kwa nusu, na watengenezaji wa keria nao mara nyingi huonya dhidi ya barabara za mashamba. Maonyo hayo hayakuandikwa ili kujaza karatasi. Keria iliyoandikiwa baiskeli nne, ikiongezwa kirefusho na kupelekwa Monduli Juu, ni keria ya baiskeli mbili.

Ukubwa wa tundu la mraba nao uangaliwe. Vyuma vya kukokotea vilivyotengenezwa kwa vipimo vya Kimarekani huja kwa ukubwa wa inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, au inchi moja na robo, yaani karibu milimita 32, na huo mdogo ni wa magari mepesi. Kuna watu hutumia kiunganishi cha kubadilisha mdogo kuwa mkubwa. Kiunganishi hicho chenyewe huongeza urefu, na nguvu ya tundu hubaki ileile ya mdogo, kwa hiyo kwa gari lenye tairi la akiba mlangoni ni hasara mara mbili. Afadhali kufunga chuma kamili cha inchi 2 kinachoshikwa na bolti kwenye chesisi. Kama gari lina chuma chenye mpira wa kukokotea tu, mpira wa milimita 50 ulioenea, ziko keria zinazobana juu ya mpira huo, lakini mpira kwa kawaida uko karibu sana na mgongo wa gari, na keria ya namna hiyo ndiyo ninayoiona ikigombana na tairi kuliko nyingine zote.

Kwa zile sentimita 12 nilikwenda mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, kwa fundi wa kuchomelea ambaye nimekuwa nikimpelekea kazi kwa muda mrefu. Nilifika na wazo la kuongeza kipande kwenye shina la keria. Akaligeuza shina mikononi, akapiga kwa ufunguo kusikiliza mlio wa bomba, kisha akasema, "Mwalimu, nikiunga hapa, kiungo kitakaa mdomoni kabisa mwa tundu, na hapo ndipo mzigo wote unapopindia. Tukate shina lote, tuweke refu moja." Alikuwa sahihi, na sababu yake inafaa kujulikana na kila anayepeleka kazi hii kwa fundi. Bomba linalobeba mzigo nje ya tundu hupindwa zaidi pale pale linapotokea, na mchomeleo unaozunguka bomba mahali hapo huacha chuma cha pembeni yake kikiwa kigumu na chepesi kuanza ufa. Shina jipya likawa bomba moja la mraba lenye ukuta wa milimita 5, refu kwa sentimita 12 kuliko la zamani, bila kiungo chochote kati ya pini na mwili wa keria. Mabomba ya mraba yenye ukuta wa milimita 2 au 3 yanayotumika kwa mageti yasikubaliwe, hata kama yanaingia kwenye tundu vizuri. Tundu la pini la shina la inchi 2 ni la milimita 16 hivi, na fundi alilitoboa mbali na mwisho wa bomba ili chuma kilichobaki nyuma ya pini kisichanike. Tulipomaliza akalipaka rangi ya kuzuia kutu hata ndani, kadiri brashi ilivyofika, maana maji ya masika hukaa humo.

Faida nyingine ya shina moja refu kuliko kirefusho ni kucheza. Kirefusho huingia kwenye tundu kikiwa na nafasi ndogo, na keria huingia kwenye kirefusho ikiwa na nafasi nyingine, na huku mwisho, kwenye usukani wa baiskeli, nafasi hizo mbili za milimita moja moja hugeuka kuwa sentimita kadhaa za kuyumba. Hata shina moja hucheza, kwa hiyo tumia pini ya kukaza yenye nyuzi, au kibano cha bamba na yubolti (bolti yenye umbo la U) kinacholivuta shina lishikane na ukuta wa tundu. Ukikamata gurudumu la baiskeli ya nje na kulitikisa, gari zima linapaswa kutikisika kwenye springi zake. Likitikisika gurudumu na keria peke yake, bado hujakaza.

Mlango ni suala ambalo sina jibu lake kamili, nalieleza kama lilivyo. Mlango wa Prado una bawaba upande wa kulia na hufunguka kama mlango wa nyumba, ukilibeba tairi pamoja nao. Keria zinazolala nyuma kwa kubonyeza kishikio zilibuniwa kwa milango inayopanda juu. Kwa mlango unaofagia pembeni, baiskeli zilizolazwa bado huzuia njia ya tairi. Keria tupu ikilala chini kabisa mlango unaweza kupita juu yake, na hilo nalo linapimwa kwa kuufungua polepole huku mtu wa pili akichungulia. Zipo keria zenye mkono unaozunguka na kupeleka mzigo wote pembeni, nazo zinatatua jambo hili kwa uzuri, lakini ni nzito na bei yake ni ya juu, na uzito wake nao unahesabiwa kwenye chuma. Prado ina kioo cha nyuma kinachofunguka peke yake, na hicho hunitosha kwa chupa za maji na mikoba midogo baiskeli zikiwa zimepanda. Mizigo mikubwa huingia kwanza, baiskeli baadaye.

Ukipata pancha njiani itabidi ushushe baiskeli, hakuna namna. Ndiyo maana funguo za kufuli za keria hukaa mahali ambapo dereva yeyote wa safari hiyo atazijua, na jeki pamoja na spana ya nati za magurudumu hukaa ndani kwa namna ambayo hufikiwa kutoka kiti cha nyuma, bila kufungua mlango uliozibwa. Mimi pia hujaza tairi la akiba upepo kabla ya kufunga keria, kwa kuwa baadaye kuifikia valvu yake ni shida.

Matuta yanastahili kuzungumzwa na kila mwenye keria hapa nchini. Chuma kilicho sentimita 45 kutoka ardhini na sentimita 90 nyuma ya gurudumu la nyuma kinaliachia gari pembe ya nyuzi 27 hivi kabla ya kugusa chini. Kikiwa kwenye kimo hichohicho lakini sentimita 140 nyuma, pembe hushuka hadi nyuzi 18. Kwenye lami ya kwenda Makuyuni na Mto wa Mbu hutaona tofauti, lakini kwenye korongo dogo la kuingilia shambani, au tuta refu lililojengwa na wanakijiji wenyewe, mkia wa keria ndio utakaolamba ardhi. Nenda kimshazari, gurudumu moja moja, na mwambie abiria ashuke kuangalia. Chagua keria ambayo shina lake linapanda kidogo kabla ya kwenda nyuma, kwa sababu sentimita 10 za kimo hurudisha karibu nyuzi nne za pembe.

Uzito wa mkiani pia hubadilisha jinsi gari linavyoshika barabara. Urefu kati ya ekseli za Prado ya 120 ni milimita 2,790. Kilo 48 zikiwa mita 1.7 nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele hupunguziwa karibu kilo 29 na ya nyuma hubebeshwa 77. Kwa gari zito hili ni dogo. Kwa Jimny, ambayo ni fupi na nyepesi sana, dereva atahisi usukani umekuwa mwepesi, na kwake ningesema baiskeli mbili nyepesi na kirefusho kifupi iwezekanavyo.

Baiskeli zikipanda, simama nyuma ya gari hatua kumi, jioni ikiwezekana, na mwombe mwenzako akanyage breki kisha awashe indiketa za pande zote mbili. Taa zote zionekane, na namba ya gari isomeke. Ikizibwa, hamishia taa na namba kwenye ubao unaofungwa nyuma ya baiskeli ya mwisho na kuunganishwa kwenye soketi ya trela. Askari wa usalama barabarani ana haki kabisa kukusimamisha kwa namba isiyoonekana, na dereva aliye nyuma yako usiku ana haki ya kujua kwamba umefunga breki. Angalia pia bomba la moshi linaelekea wapi, kwani joto lake huharibu mpira wa gurudumu lililo karibu.

Naulizwa mara kwa mara kuhusu keria ndogo zinazofungwa juu ya tairi la akiba lenyewe. Zinaondoa tatizo la umbali kwa kulitumia tairi kama msingi, na kwa baiskeli moja nyepesi kwenye gari ambalo bawaba zake ni nzima zinafaa. Lakini bawaba za mlango wa Prado tayari zinabeba tairi na rimu yake, mzigo wa kilo 30 hivi, na magari yetu mengi yamefika hapa yakiwa na umri. Inua mlango ukiwa wazi kwa mkono mmoja kwenye ukingo wake wa mbali. Ukisikia unapanda kabla haujaanza kulibeba gari, bawaba zimelegea na hazistahili kuongezewa kilo nyingine, hata kama ni za baiskeli ya mtoto.

Baada ya kufunga kila kitu, endesha kilomita chache za barabara mbovu karibu na nyumbani na urudi na spana. Pini ya kukaza, bolti za chesisi na kibano cha yubolti hulegea kidogo chuma kinapojikalisha, na ukivikaza mara hiyo ya pili huwa vimekaa. Pitisha kidole kwenye uso wa tairi la akiba upande unaotazama baiskeli. Kama kuna vumbi lililofutika mahali pamoja, kitu kinagusa, nawe unajua pa kupima tena.